Nukta Nyekundu Jikoni

Vidole vya mume wangu ni vinene kama soseji, lakini vikishika waya hulainika kuliko vilivyowahi kunishika mimi. Tangu afunge garini redio mpya ya mawasiliano, inayotangaza mahali alipo, kila akitoka hunigeuzia kompyuta hapa jikoni, ramani ikiwa wazi: "Mke wangu, hii nukta nyekundu ndiyo mimi. Popote niendapo, inanifuata. Hata wenzangu wa klabu ya redio wanaiona kwao."

Shule sikuipata, ila mitaa ya Dayton naijua. Jumamosi nukta iliipita klabu yao bila kusimama, ikatua kwa Darlene msusi, ikakaa saa mbili nzima. Nikampigia simu.

"Uko wapi?"

"Klabuni, mpenzi. Tunasimamisha antena."

Aliporudi, aliifuata njia yake kwa kidole kwenye ramani, akichekelea. "Umeona? Haikukatika hata mara moja."

"Nimeona. Wenzako wa klabu nao wameona."

Kidole kikaganda juu ya paa la Darlene.