Biskuti za Idi na kopo la Mama Hitesh

Wakuu, poleni na majukumu.

Ninachosimulia kimetokea Idi iliyopita, nyumbani kwetu Area D, Dodoma. Sijaongeza chumvi. Magadi niliongeza, na ndiyo sababu ya uzi huu.

Kwanza niwape picha.

Mama yangu ni Mrangi wa Busi, Kondoa. Kila mwisho wa Ramadhani anapika biskuti: unga, samli, sukari, iliki, na juu ya kila moja anabandika zabibu kavu, maana Dodoma bila zabibu ni Dodoma gani? Anazipanga kwenye makopo manane ya maziwa ya unga, yanakwenda kwa majirani.

Kopo halirudi tupu. La mke wa mchungaji hurudi Krismasi na maandazi. La Mama Hitesh, Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini, hurudi Diwali na vitamu vya maziwa. Makopo ni yale yale tangu nikiwa darasa la tatu, na mbebaji ni mimi.

Kuna sheria moja. Kopo la kwanza ni la Mama Hitesh, na linakwenda kabla mengine hayajafungwa. Nikirudi, mama huuliza, "Mama Hitesh kasemaje?"

Najibu, "Kasema ndizo."

"Haya, peleka mengine."

Miaka yote nilidhani ni urafiki wao tu.

Sasa, miezi michache kabla ya mfungo, mama alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukaisha nguvu, na maneno yakawa yanatoka machache machache. Tunakaa wawili pale nyumbani. Sijaoa, msianze.

Siku ya ishirini na nane ya mfungo aliyatazama makopo juu ya kabati kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwaka huu watasema nimekwisha."

Wakuu, hilo neno lilinikaa kifuani. Nikamwambia, "Mama, nitapika mimi." Akaniangalia kama mtu anayeangalia fundi aliyekuja bila nyundo.

Kesho yake nikaomba ruhusa kazini. Mama akakaa kwenye kiti mlangoni mwa jiko, anataja vipimo, mimi naandika kwenye daftari. Nina ugonjwa wa kuandika kila kitu. Cha mwisho alisema, "Magadi. Kijiko kimoja." Kisha usingizi ukampitia.

Jikoni kwetu kuna chupa ya magadi, pembeni ya chumvi. Nikatoa bonge, nikalitwanga mpaka likawa laini kama poda, nikapima kijiko kwa uaminifu kabisa.

Biskuti zikatoka oveni zina rangi ya njano, unaweza kusema zimepakwa dhahabu. Nikapiga picha, nikatuma kwenye group la familia. Dada yangu anayekaa Chimwaga akauliza, "Umenunua wapi?" Confidence ikapanda.

Kuonja sikuonja. Najua wapo watakaosema kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema hakuharibu funga. Kwa mama yangu hilo halipo. Hataki kubahatisha.

Nikapanga na njia ya kupita, kuanzia nyumba ya jirani kabisa hadi ya mbali. Mama Hitesh, ambaye yuko mwisho wa mtaa, nikamweka wa nane. Ilikuwa siku ya ishirini na tisa, mwezi ungeweza kuandama jioni ile, sikuwa na muda wa kuzunguka.

Nabeba la mke wa mchungaji, mama akafumbua macho.

"Mama Hitesh."

"Mama, kule ni mbali. Nianze na hapa ukutani."

"Mama Hitesh."

Nikaenda nikinung'unika.

"Shikamoo mama. Mama kakutumia hizi, mimi nina haraka."

"Marahaba. Haraka yako iache hapo nje. Simama."

Akafungua kopo, akauma moja. Akatafuna mara mbili. Kisha akaelekea kwenye sinki bila kuaga, nikasikia maji.

Aliporudi alikuwa anajifuta mdomo. "Wewe mtoto, umepika biskuti au sabuni?"

Nikachungulia ndani ya kopo.

"Umetia magadi gani?"

"Ya kwenye chupa. Karibu na chumvi."

"Ya mlenda!" Akapiga mapaja. "Hitesh, njoo uone, mwenzako katuletea mlenda wa zabibu!"

Mama alimaanisha magadi soda, ule unga mweupe wa pakiti anaouficha chumbani kwake. Mimi nilitia lile jiwe la kulainishia mboga.

"Mengine umeshagawa?"

"Bado. Hili ndilo la kwanza."

"Mungu mkubwa. Twende." Akavaa kandambili, akabeba na samli yake.

Njiani nilikuwa nawaza nitamwambiaje mama. Sikupata nafasi. Mama Hitesh alimwaga habari yote tangu getini.

Mama akacheka. Mdomo ulicheka upande mmoja tu, lakini sauti ilikuwa ile ile ya zamani. Tangu augue sikuwa nimeisikia.

Akasema, polepole, "Ndiyo maana... tunaanza na wewe."

Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka yote hiyo mama anapika akiwa amefunga. Alihitaji kinywa kisichofunga, tena kisichoogopa kusema.

"Na mke wa mchungaji je?" nikauliza. "Naye si hafungi?"

Mama Hitesh akajibu, "Yule ukimpa jiwe atasema ubarikiwe."

Tukapika upya. Yeye alikanda, mimi nilibandika zabibu, mama alitusimamia kwa macho. Zilipotoka Mama Hitesh akaonja, akasema, "Ndizo."

Mama alikuwa hatua mbili kutoka pale. Alisikia vizuri kabisa. Bado akanigeukia mimi.

"Mama Hitesh kasemaje?"

"Kasema ndizo."

"Haya. Peleka."

Nilikuwa kwenye kopo la sita watu walipoanza kushangilia mwezi. Hakuna nyumba iliyosema mama amekwisha. Waliuliza tu mkono unaendeleaje.

Nilichojifunza: mzee akikukazania jambo dogo bila kueleza, lifanye kwanza, sababu utaikuta mbele ya safari. Na mshukuru jirani anayeweza kukwambia umepika sabuni.

Zile za njano niliwamwagia kuku. Walidonoa, wakaondoka.

Nanyi kwenu, wakati wa mfungo nani anawaonjea? Tuambiane hapo chini.

Nisisahau: kopo la Mama Hitesh mwaka huu halikusubiri Diwali. Lilirudi Idi mosi asubuhi, na halikurudi tupu. Ndani kulikuwa na pakiti ya magadi soda, imeandikwa kwa kalamu nyekundu: YA BISKUTI.