Watoto Wasiosumbua

Msimu wa korosho, Mnyambe nzima hunuka mabibo. Yanaoza chini ya mikorosho, nzi wanayagombania, na nyuma ya nyumba fulani daima kuna mtu anayakamua apate uraka, pombe ya mabibo. Harufu hiyo tamu iliyochacha hunirudisha mwaka ambao mama yangu alilala akiutazama ukuta, na majirani wote wakageuka madaktari. Nilikuwa na miaka minane. Mdogo wangu Hamisi alizaliwa mikorosho ikitoa maua. Tulipoanza kuokota korosho, mama alikuwa bado hajainuka. Akiletewa mtoto alimnyonyesha, kisha akamrudisha kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. Nikimwamkia shikamoo, marahaba haikuja.

Tiba za bure hazikukosekana. Mmoja alisema ni jini, mwingine akasema ni kijicho cha mke mwenza, ingawa mke mwenza hakuwapo. Shangazi Somoe, dada yake baba, aliyehamia kwetu kutoka Newala eti kusaidia, alikuwa na jibu fupi zaidi: uvivu. "Sisi tulizaa, na kesho yake tuko shambani," alitangaza uani, kwa sauti ya kufika chumbani. Shangazi alizaa mara moja tu, na huyo mtoto alilelewa na bibi. Baba naye, mwanamume aliyekuwa na maoni juu ya bei ya korosho mpaka huko India, juu ya mke wake hakuwa na neno. Alikohoa, akaenda kukaa kwa jirani.

Mwanzoni Hamisi alilia. Alilia mpaka sauti ikakwaruza, halafu akaacha. Akawa analala kwenye jamvi macho wazi, akitazama bati. Mimi nami nikaacha kulia. Nilipoteleza na ndoo ya maji na kuchubuka goti, nilijifuta kwa khanga, nikaenda zangu. Kijiji kikatusifu. "Watoto wa Mama Zaituni wana adabu, huwasikii!" Watu hao hao kila siku walituambia kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali walikuwa nazo tele. Maana yake waliwaachia wengine.

Ndipo wakaja watafiti wawili, mwanamke na mwanamume, waliokuwa wakizunguka vijijini kutazama jinsi watoto wachanga wanavyojifunza furaha na hofu kutoka kwenye nyuso za wazazi wao. Shangazi aliwacheka: wasomi wazima, kazi yao kutazama watoto wakicheza! Hata hivyo alivaa kitenge kipya, akamtoa Hamisi kama mbuzi wa maonyesho. "Huyu hana shida," alisema. "Halii kabisa."

Yule mwanamke, tuliyemwita Dada Neema, alimweka Hamisi mkekani mbele ya mama. Hamisi hakumtazama mama. Alizungusha kichwa mpaka akaniona mimi mlangoni, ndipo akatabasamu.

"Halii hata akiwa na njaa?" Dada Neema akauliza.

"Nimekwambia, halii," Shangazi akajibu kwa fahari.

"Hilo ndilo linalonitisha, mama. Mtoto hulia kwa sababu anatumaini mtu atakuja."

Kisha akamgeukia mama, akamshika mkono. "Mama Zaituni, pole. Umeanza lini kuchoka hivi?"

Katika msimu wote ule hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mama akafunua mdomo, machozi yakatangulia.

"Tazama, umemliza mgonjwa!" Shangazi akafoka. Asubuhi mama alikuwa mvivu. Saa nne akawa mgonjwa.

Kwa ushauri wa Dada Neema, mjomba, kaka yake mama, alimpeleka mama hospitali, Ndanda. Huko waliueleza ugonjwa ule bila kuuonea haya: huwapata wanawake wengi baada ya kujifungua, na hutibika. Mama alirudi polepole, leo amesuka nywele, wiki nyingine amecheka. Asubuhi moja alijitwika ndoo kwenda kuchota maji, Hamisi akamlilia. Mama aliitua ndoo, akarudi mbio, akamkumbatia mwanawe huku naye akilia. Shangazi alisema mtoto ameanza kudeka.

Leo ninafundisha chekechea Lisekese. Afya ya akili imekuwa wimbo wa redioni, na Shangazi Somoe ni mzungumzaji katika mikutano ya akina mama. Husimulia jinsi alivyomuuguza wifi yake, nao humpigia vigelegele. Wakitoka hapo huniletea watoto wao shuleni wakijisifu: "Mwalimu, wangu hasumbui, hata akipigwa halii." Hamisi amekuwa fundi pikipiki, mcheshi, mpiga kelele. Mama alimuwahi. Mimi nilikuwa mkubwa, na mkubwa alihesabiwa kuwa ameshaelewa. Mwezi uliopita niliungua mkono kwa maji ya moto jikoni, mume wangu akiwa sebuleni. Alijua jioni, alipokiona kidonda. Akaniuliza kwa nini sikumwita. Niliufunga mkono kwa khanga, nikaenda kupakua chakula. Shangazi alipopata habari alinisifu: mwanamke aliyelelewa vizuri.