Swali la Selpher Adoyo

Mwaka wa 1983 Selpher Adoyo alikuwa akipima watoto uzito katika kliniki moja mtaani Mbotela. Daktari Wacera alipokuja kutoka chuo kikuu akitafuta msaidizi, muuguzi mkuu alimwelekeza kwake, kwa kuwa akina mama walimpenda na alijua lugha zao. Daktari alitaka kujua ni wanawake wangapi wanaougua akilini wakiwa wajawazito au baada ya kujifungua. Selpher alikubali papo hapo. Hakusema kwamba ugonjwa huo aliujua. Alipomzaa Phares, alikaa miezi mitatu akimtazama kama mtoto wa jirani, asiweze kulala wala kulia, huku watu wakinong'ona kwamba amerogwa.

Wiki ya kwanza aliwauliza wanawake arobaini maswali ya daktari kama yalivyoandikwa. Je, una huzuni? Umekata tamaa? Wote walijibu kwamba hawajambo, wanamshukuru Mungu. Daktari alizipitia karatasi, akasema huenda ugonjwa wenyewe haupo huku.

Selpher akashindwa kunyamaza. "Upo, daktari. Mimi niliuugua. Siku zile ungeniuliza kama nina huzuni, ningekukatalia. Nitahuzunikaje na nimepewa mtoto mzima?"

Daktari akavuta kiti karibu. Alasiri nzima waliyabomoa yale maswali na kuyaunda upya, Selpher akisema upesi hata kalamu ya daktari ikashindwa kumfuata: mawazo mengi, moyo kwenda mbio, mwili mzito asubuhi, kumwogopa mtoto wako mwenyewe. Swali la kwanza likawa lake: tangu ujifungue, nani amekuuliza wewe unaendeleaje?

Kesho yake aliyetangulia kuketi alikuwa Teresiah, fundi wa kushona, na mtoto wa wiki sita. Alilisikia swali, akamhamishia mtoto bega la pili.

"Hakuna," akasema. "Wote wanauliza habari za mtoto." Kisha yakamtoka yote. Hakuwa akimwogesha mwanawe, maana aliiogopa mikono yake mwenyewe ikikaribia karai. Selpher alimwambia kwamba naye amepita hapo, akamshika mkono wakaenda moja kwa moja kwa daktari.

Kufikia Ijumaa, kati ya wanawake thelathini, kumi na mmoja walikuwa wamefunguka. Selpher alirudi nyumbani Makongeni akikaribia kukimbia, akaanza kusimulia kabla hajavua viatu. Mumewe Nahashon, mfanyakazi wa reli, ambaye hakuwahi kuitaja ile miezi mitatu, alizima redio.

"Mama Phares, mimi nilikuuliza?"

"Hukuniuliza."

Nahashon aliinamisha kichwa, kisha akamwomba amweleze tangu mwanzo. Ugali ulipoa mezani.

Teresiah alipewa dawa na siku ya kuja kuzungumza kila wiki. Miezi mitatu baadaye alikuwa akimwogesha mtoto mwenyewe, akimwimbia. Utafiti ulipokwisha, wauguzi wa kliniki nyingine walitaka kufunzwa namna ya kuuliza, na daktari akasema mwalimu ni mmoja tu. Hivyo Selpher, aliyeachia masomo darasa la saba, alisimama mbele ya wauguzi kumi na wanne katika ukumbi wa kanisa Pumwani, chaki mkononi, akaliandika swali lake ubaoni kwa furaha. Alifundisha kutwa nzima, na hakuna aliyeomba kwenda chai.