Kuni Nilizozivisha Karatasi

Kabla hamjaanza kunicheka, kumbukeni kwamba siku hiyo nilikuwa baba mpya, na baba mpya halali usingizi, na mtu asiyelala hafikirii sawasawa. Mkishakumbuka hayo, basi chekeni tu, maana hata mke wangu Mwende, akifikiria vile nilivyosimama kifua wazi mbele ya wakubwa wangu wa kazi nikijipiga makofi mwenyewe, hushika tumbo na kutafuta mahali pa kuketi. Aibu nimeizoea. Imeshakuwa kama mtu wa nyumbani.

Mwende ni wa Kitui na mimi ni wa Murang'a, na tulipooana mama yangu hakusema kitu, lakini harusini hakuja, akatuma ujumbe kwamba ng'ombe ni mgonjwa. Ng'ombe alipona (tena akazaa), lakini mama hakuja bado. Mwende hakulalamika. Mama yake mwenyewe alifariki yeye akiwa mdogo, na nadhani alikuwa ameweka tumaini kwa huyu wangu, tumaini la chinichini ambalo mtu haliongelei.

Sasa tukajaliwa msichana, na kwetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, kwa hiyo mtoto akawa Wanjiku, jina la mama, na mimi nikampigia simu ndugu yangu amwambie. Kimya. Mnajua kwetu mwanamke akijifungua wanawake humletea kuni, ndiyo desturi, ili apate maji ya moto na uji bila kuinuka kitandani, na hata huku Nairobi kwenye gesi wazee bado wanauliza, je, aliletewa kuni? Jioni moja Mwende ananyonyesha akaniuliza, taratibu tu, yeye ataletewa na nani. Nikacheka, nikamwambia mtungi wa gesi umejaa. Akageukia ukutani. (Ndiyo, najua. Nilishajiambia.)

Basi Ijumaa moja, likizo yangu imeisha na nimerudi kazini Upper Hill, karibu saa sita mchana simu inalia, ni mwenye duka mmoja wa River Road, anasema kuna mama hapa kwake ametoka Murang'a na basi la asubuhi, ananiulizia. Nikatoka mbio. Nikamkuta mama ameketi kando ya mlango wa duka la misumari, kitambaa cha Jumapili kichwani, na alichokalia ni mzigo wa kuni. Si vijiti. Mzigo hasa, umepasuliwa vizuri, umefungwa kwa ukanda wake wa ngozi, ule anaouweka kwenye paji la uso akibeba, mpaka paji lenyewe limefanya bonde.

"Ni mti wa mutamaiyu, Baba," akaniambia. "Moshi wake haumtoi mtu machozi."

(Ananiita Baba kwa sababu nilipewa jina la baba yake. Akiniita Kamau, jueni mambo yameharibika.)

Sasa hapo ndipo ningepata teksi, nimpeleke yeye na kuni zake nyumbani kwetu Woodley moja kwa moja, mkasa wenyewe usingekuwepo. Lakini mama alikataa kuingia nyumba ya mwanamke ambaye hawajawahi kusalimiana bila mimi kuwepo, na mimi mchana ule nilikuwa na mkutano na Madamu Njeri, mkuu wa idara yetu, mama ambaye akikohoa ghorofa nzima inaacha kutafuna. Nikaona njia ni moja: twende ofisini, mama angoje pale mapokezi hadi nitoke. Na kuni je? Nikamsihi tuziache kwa mwenye duka, akaniangalia kama nimemwambia tumwache mtoto. Na mimi nikajiona nikiingia kwenye jengo lile la vioo, tai shingoni, kuni begani, na moyo ukakataa kabisa.

Nikanunua karatasi nyeusi ya nailoni na utepe wa gundi palepale River Road, nikazifunga zile kuni, juu, chini, katikati, hadi zikawa kitu kirefu cheusi kisichoeleweka. Mama alikuwa amesimama akinitazama. "Kwani mti unasikia baridi?" akauliza. Nikamwambia ni kwa sababu ya vumbi la mjini. Akachukua mkoba wake.

Tukafika. Mlangoni walinzi walikuwa na kile kidude cha kupitisha mwilini kinacholia kikigusa chuma, na mlinzi wa siku hiyo, kijana mmoja mwenye adabu sana, akauliza nimebeba nini. Sasa, rafiki zangu, ningesema kuni. Neno fupi, halina kosa lolote. Lakini wafanyakazi walikuwa wanarudi kutoka kula, wengine wa idara yangu, na mdomo wangu ukasema peke yake kwamba ni vyuma vya pazia.

Akapitisha kidude. Kimya. Akapitisha tena, pole pole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kimya.

"Mkubwa," akasema, "hii ni chuma gani hailii?"

Nikasema ni chuma cha kisasa. (Nisameheni.) Kijana akasema basi tufungue kidogo tuone, mimi nikasema hakuna haja, yeye akashika upande mmoja, mimi nikashika mwingine, na wakati huohuo nikasikia kitu kinatembea shingoni. Halafu viwili. Halafu jeshi. Kumbe mzigo ule ulilala nje kwa mama ukisubiri basi la asubuhi, siafu wakajiingilia, na mimi kwa akili zangu nikawafungia ndani pamoja na kuni, na sasa wamepata tundu, na tundu lenyewe lilikuwa kwenye kola ya shati langu.

Nikaachilia. Karatasi ikachanika, kuni zikamwagika kwenye ile sakafu ing'aayo, zikabingirika mpaka kwenye lifti, na mimi nikavua tai, nikavua shati, vifungo viwili vikaruka, nikawa naruka na kujipiga mgongoni huku mlinzi akiniuliza kama niko sawa. Lifti ikafunguka. Akatoka Madamu Njeri na wageni wake waliovaa suti. Ukuni mmoja ukaenda ukasimama kwenye kiatu chake.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Hapo nikamwona mama. Alikuwa hanitazami mimi, anatazama ile karatasi nyeusi iliyochanika, na nikajua ameelewa yote, vumbi la mjini na vyuma vya pazia. Akainama akaanza kuokota kuni, mmoja mmoja, bila haraka, na mimi nikaenda kumsaidia, kifua wazi hivyohivyo.

"Kamau," akasema, chini kwa chini. "Ulikuwa unaficha kuni, ama ulikuwa unanificha mimi?"

Nilitaka kusema ni kuni. Halafu nikaona kwamba hata hilo si jibu, kwa sababu mwanamke yule maisha yake yote amekata kuni, amebeba kuni, amepuliza moto hadi macho yakawa mekundu, na karo yangu ya shule ilitoka kwenye mgongo uleule. Nikaendelea kuokota. Akaniambia nimrudishe steji, basi la jioni bado lipo. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Akilini nikamwona Mwende amegeukia ukutani, na nikajua mama akipanda basi lile hatarudi tena.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti, kwa mlinzi, kwa Madamu, kwa wageni, kwa kila mtu aliyekuwa pale: "Huyu ni mama yangu. Mke wangu amejifungua, na mama amemletea kuni."

Madamu Njeri alitazama ule ukuni uliokuwa kwenye kiatu chake. Akauokota, akaunusa. Kisha akapiga goti, na ile sketi yake ya gharama, akaanza kukusanya kuni, na msichana wa mapokezi akatoka nyuma ya meza yake, na mama wa chai akaweka sinia chini, wakaja wote.

"Mimi watoto wangu nimewazaa hapa Nairobi," Madamu akamwambia mama, akimkabidhi alizookota. "Mama yangu alikuwa ameshafariki. Sikuletewa hata ukuni mmoja." Halafu akanigeukia akasema mkutano utafanyika Jumatatu, na nivae shati.

Nje mama hakutaja tena basi, na mimi nikataka kuita teksi. Mama akasema hapana. Akanyoosha ule ukanda wa ngozi, akanipa. Mwanamume wa kwetu habebi kuni kwa ukanda, hiyo ni ya wanawake, hata watoto wanajua. Nikainama, nikauweka kwenye paji la uso, nikainuka na mzigo mgongoni, na hivyo ndivyo nilivyotembea Ngong Road mchana kweupe, shati halina vifungo, mama nyuma yangu na mkoba wake, kila gari likipunguza mwendo kututazama. Utingo mmoja wa matatu akaning'inia mlangoni akaniuliza bei. Nikamwambia haziuzwi. Shingo ilikuwa inaniuma hadi kwenye meno, na kwa mara ya kwanza nikaelewa lile bonde la mama lilitoka wapi. Tulipofika karibu na Woodley mama akasema, "Pole pole, Baba," na nikajua niko salama.

Mwende alikuwa uani anaanika nepi. Aligeuka akaniona mimi, akaona ukanda, akaona kuni, akaona aliyesimama nyuma yangu. Nepi ikamponyoka. Mama akampita mtu anayeitwa mwanawe kana kwamba hayupo, akamshika Mwende mikono.

"Mwanangu," akamwambia, "nimechelewa. Lakini ziko kavu."

Mwende alilia mpaka mtoto ndani naye akaanza. Mama akapanga mawe matatu palepale nyuma ya nyumba, gesi ikakaa jikoni imejaa bila kazi, na Mwende akanywa uji unaonukia moshi, vikombe viwili, akasema hivyo ndivyo ulivyokuwa uji wa mama yake. Mimi nilikuwa pembeni napakwa mafuta mgongoni kwa ajili ya siafu.

Basi funzo langu ni hilo, na nadhiri nimeiweka. Sitafunga tena kitu cha mama yangu kwenye karatasi. Na Wanjiku akikua, akaolewa, akajifungua, hata akiwa anaishi ghorofa ya kumi na mbili yenye walinzi wa kila aina, nitampelekea kuni mwenyewe, kwa ukanda, na akiniuliza mlinzi nimebeba nini, nitamwambia. Ila kwanza nitazipiga chini, siafu watoke.