Kilio cha Mume Aliye Hai

Niliondoka Kisangani nikiwa mwendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria. Ugenini nilibeba simenti, nikaigiza, mwisho nikawa mwongozaji wa filamu, na shule yangu ni darasa la tatu tu. Wakati wa vita nilirudi kutengeneza filamu yangu mwenyewe. Umeme hakuna, betri ya kamera imebaki moja. Nilimwomba mama mdogo alie kama mjane.

"Bwana yangu iko muzima! Nikimulilia, si nitamuitia kifo?"

Tonton, mumewe, alikuwa anakula samaki. "Bon, nitakaa hapa karibu na kamera. Kifo ikikuja, inikute niko nakula."

Basi mama mdogo akakubali. Akajifunga kitambaa kichwani, akaketi chini, akaanza.

"Ee bwana yangu, umeniacha! Miaka yote ile hukuteka hata maji! Ndugu zako walikula, mimi nikaosha sahani!"

Machozi yalikuwa ya kweli. Tonton aliacha kutafuna. Mimi nilikuwa nimeshapata picha niliyoitaka, nzuri kuliko za wenye diploma.

"Mama mdogo, inatosha."

"Inatosha kwako," akajibu. "Mimi sijamaliza."