Limi Mayala na Amplifaya ya Vichupa

Limi Mayala, fundi umeme wa mgodini, ana maringo, na hakuna wa kumlaumu. Mota ya karasha ikizimika pale Geita, mawe yakalala bila kusagwa, wachimbaji wote hunyamaza wakingoja yeye aseme neno. Mwanamke wa namna hiyo ana haki ya kutembea amevimba kidogo. Jumapili hupiga gitaa kanisani, na hapo sasa ndipo maringo yenyewe yanapoonekana.

Siku moja alikuwa anarudi kutoka kwao Samuye. Gari likasimama Maganzo, naye akashuka kunyoosha miguu. Kando ya barabara, kijana mmoja aitwaye Cornel alikuwa amepanga vitu chakavu juu ya turubai, na katikati yake sanduku zito lililochubuka ngozi.

"Redio ya wazungu hiyo, mama. Orijino."

Limi aliinama. Redio gani isiyo na mshale wa kutafutia stesheni? Mbele ilikuwa na matundu mawili ya kuchomekea waya wa gitaa. Akaigeuza, akachungulia nyuma: vichupa vinne vya kioo, valvu zile za zamani, viwili virefu na viwili vifupi. Akakipulizia kimoja kirefu pumzi ya mdomo, kama mtu anayefuta miwani, na maandishi yaliyofutika yakajitokeza kwenye ukungu: EL84, namba ya valvu za kukuzia sauti. Hapo akajua ni amplifaya ya gitaa, tena ya enzi ambazo yeye hajazaliwa. Moyo ulimruka. Uso lakini aliuacha umelala vilevile, maana Maganzo wamezoea biashara ya almasi, na hata muuza vitu chakavu hukusoma macho kabla hujauliza bei.

"Redio mbovu hii," akasema huku anapiga miayo. Cornel akashusha bei mwenyewe, Limi akalipa.

Kule Geita aliishughulikia kwa heshima zote. Kwanza aliutoa umeme uliojificha ndani, maana mashine hizo humpiga mtu hata zikiwa zimezimwa. Akabadilisha kapasita zilizokauka, vile vihifadhi umeme. Akang'oa waya wa njia mbili, akaweka wa njia tatu wenye njia ya kupeleka umeme ardhini, kwa sababu bila huo nyuzi za gitaa zinaweza kumrusha mpigaji kabla hajamaliza ubeti. Spika iliyochanika akaiwekea mpya. Alipoiwasha, vichupa viliwaka rangi ya chungwa, na sauti ikatoka nene, yenye mkwaruzo mtamu. Alicheka peke yake bandani. Kesho yake akawatangazia wanakwaya kwamba Jumapili ya mavuno ndiyo watajua gitaa ni kitu gani.

Sasa, banda lile alishirikiana na Marwa, mwendesha winchi. Marwa si mtu mbaya. Ila macho yake ni ya mchimba dhahabu, na ndani ya kila kichupa, kileleni, palikuwa na kitu cheupe kinachong'aa kama fedha. Mchimbaji gani asiyeijua rangi ya zebaki, ile ya kunasia dhahabu? Limi alipokwenda kwenye karasha, Marwa akachukua koleo, akakinga kikombe, akakikata ncha kichupa kirefu. Kikafanya fyuu. Kile king'aacho kikafifia machoni pake, kikawa cheupe kama maziwa. Kikombe hakikupata hata tone.

"Mama Vumilia," Marwa alimwambia Limi aliporudi, akimwita kwa jina la mwanawe, "zebaki imekimbia."

"Zebaki gani?"

Marwa akaonyesha. Limi alifoka.

"Marwa, ile haikuwa zebaki! Ni dawa ya kunyonya hewa. Umeingiza hewa, umekiua."

Alitafuta kichupa kingine Geita, akaagiza Mwanza, hakupata. Na muda wote huo alijua kichupa cha aina ileile kilipo: ndani ya redio ya kabati ya baba yake, Samuye. Mzee Mayala aliinunua kwa pesa ya pamba ujanani, ikawa ya kwanza kijijini. Ilikufa Limi akiwa mtoto, lakini mpaka leo mzee huifuta vumbi kila asubuhi na kuifunika kitambaa. Na ni mzee huyohuyo aliyesema gitaa ni la walevi, na hajawahi kukanyaga kanisani Geita kumsikia binti yake. Kumwomba kichupa kile ilikuwa sawa na kumwomba alibariki gitaa. Limi, asiyeogopa umeme, aliogopa jibu.

Alikwenda hata hivyo, na amplifaya yake na gitaa lake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Umebeba nini tena?"

Akaeleza bila kuzunguka. Mzee akaigeukia redio yake.

"Akija fundi baadaye, redio haitapona?"

"Fundi ni mimi, baba. Transfoma yake imeungua. Niliifungua siku moja ulipokuwa shambani."

"Uliifungua?"

"Niliifungua."

Mzee akamtazama sana. "Ukafunga vizuri. Sikugundua." Akainuka, akatoa kitambaa mwenyewe, akakikunja taratibu. "Chukua. Lakini ukifunge hapahapa, nisikie."

Limi alikifunga kichupa kwenye amplifaya, akaiwasha. Vichupa vikawaka. Alipiga wimbo wa mavuno, na sauti ikajaza nyumba ikatoka hadi uani.

Jirani yao Ngusa akaja mbio, hajavaa hata shati.

"Mzee Mayala! Redio imepona?"

Mzee alisimama mlangoni, kifua mbele, akaziba njia yote.

"Redio ilikufa siku nyingi," akasema. "Huyo ni Limi, mwanangu. Ni fundi. Na Jumapili nakwenda Geita, nitakaa kiti cha mbele. Sasa kaa chini, Ngusa, unanizuia kusikia."

Limi alilia, na hakuacha kupiga.