Cheupe Kwanza, Cheusi Baadaye

Habari ilimkuta Doto amepiga magoti nyuma ya meza, katika chumba cha barua pepe cha mzee Abeid pale Igogo mjini, mkononi ameshika kifaa cheupe, kidogo kama kiberiti chenye mkia. Umeme ulikuwa umekatika asubuhi ukarudi, na kompyuta zote za wateja zilikuwa bubu. Mzee Abeid aliweka mkono wa simu chini.

"Doto, mwanangu, weka hicho kitu."

"Nimalizie, mzee. Cheupe kwanza, halafu cheusi. Kulwa alisema..."

"Kiweke. Wamepiga kutoka hospitali."

Doto alikiweka juu ya meza taratibu, kama yai.

Yeye na Kulwa walizaliwa pacha kijijini, upande wa Magu, na kwetu Usukumani mapacha hawatafutiwi majina. Anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto, awe mnene au mwembamba. Ubatizo uliwaongezea Paulo na Silvanus, lakini mama yao, Evelina, hakuyatumia ila akikasirika. Kulwa alimtangulia mwenzake kwa muda wa kuchemsha uji, na muda huo alijivunia maisha yake yote.

"Doto, kalete maji."

"Kwani wewe huna miguu?"

"Ninayo, ila mimi nilikuja nayo kwanza."

Kulwa alikuwa fundi wa mitambo katika shirika la umma, mpaka mashirika yalipoanza kupunguza watu. Alirudi nyumbani na cheti cha utumishi mwema. Mzee Abeid, muuza vitenge, alikuwa ameona wafanyabiashara wa minofu ya sangara wakiandikiana na Ulaya kwa kompyuta, naye akafungua chumba, akamwita Kulwa. Kompyuta kuu ilikuwa ya kukunja, msaada wa padri aliyerudi kwao. Ndani haikuwa na nafasi ya kadi za mtandao, kwa hiyo Kulwa aliichomekea ubavuni vifaa viwili vya mtandao. Waya wa cheupe ulikwenda kwa jirani mwenye dishi la intaneti, na wa cheusi kwenye kompyuta za wateja.

Taabu ilikuwa majina. Ndani ya mashine kuna draiva, programu inayokipokea kifaa kilichochomekwa na kukipa jina. Kinachoonekana kwanza hukiita sifuri, cha pili moja. Kulwa alikuwa ameielekeza mashine kwamba sifuri ndiyo njia ya nje, moja ndiyo njia ya chumbani. Lakini umeme ukikatika na kurudi, vyote viwili hubisha hodi pamoja. Siku cheusi kikiwahi, ndicho kinachoitwa sifuri, na barua za kwenda nje zinarudishwa ndani. Hapo inabidi vyote vichomolewe, vichomekwe upya kimoja kimoja, cheupe kwanza.

"Kwa hiyo draiva ni mkunga," Doto alisema.

"Tena mkunga asiyewasha taa! Hatazami uso. Anauliza tu nani katoka kwanza."

Dawa ilikuwapo. Kila kifaa kilitoka kiwandani na namba yake isiyobadilika, na Kulwa alitaka kuandika maelekezo ya kuifanya mashine isome namba hiyo, isijali nani kawahi. Alipoanza kuyaandika, kikohozi nacho kilianza. Mzee Abeid alikwishasema wazi: chumba kikiendelea kufa kila umeme unapokatika, yeye anarudi kwenye vitenge. Biashara ya dagaa ya Doto ilikuwa imeanguka, na mama yao alikuwa akila kwa chumba kile. Ilibidi Doto ajifunze kabla kaka yake hajaondoka.

Basi akawa anapanda kila jioni kilima cha hospitali alikolazwa Kulwa. Kulwa alitaja maneno ya kuandika, akikohoa katikati, na Doto aliyarudia kama mtoto wa katekisimu. Kesho yake mashine iliyakataa. Akapanda tena kusema imekataa, na Kulwa hakuwa na mashine kitandani ya kuona kosa liko wapi.

"Mwache apumue," mama alisema.

"Neno moja tu, mama. Kulwa, kimoja kikiungua kabisa, kilichobaki kitaitwaje?"

Kulwa alifumba macho. "Mashine ikiwaka upya nacho kiko peke yake, kitaitwa sifuri. Draiva haikumbuki kama kulikuwa na mwingine." Akapumzika. "Mengine tutamaliza kesho."

Usiku Doto alisali rozari yote, akamwomba Mungu ile kesho. Asubuhi umeme ukakatika.

Mzee Abeid alilipia gari la kumpeleka marehemu kwao. Alimpa Doto vile vifaa viwili vimefungwa kwenye gazeti, akasema, "Nisamehe, mwanangu. Sina mtu mwingine anayeijua mashine ile kama yeye." Chumba hakikufunguliwa tena.

Walimzika Jumatatu mchana, kando ya baba yao. Katekista Masalu aliongoza sala, kwaya ya jumuiya ikaimba, jeneza likashushwa kwa kamba. Kisha Masalu akasema, "Udongo. Aanze ndugu yake."

Doto hakusogea. Alikuwa amegeuza uso kulia, upande ambao Kulwa alizoea kusimama, akingoja atangulie.

"Doto," mama alisema. "Ni wewe."

Akainama, akachukua udongo, akautupa. Mama akafuata, kisha shangazi, kisha majirani. Vijana walichukua majembe wakafukia. Msalaba ulisimikwa, umeandikwa Paulo Kulwa. Masalu akasoma sala ya mwisho, watu wakanawa mikono, wakaenda kula.